Msamaria Alishuka

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kusini-magharibi, kipo kijiji cha kale kiitwacho Labastide-d'Armagnac, kilichoanzishwa mwaka 1291. Nje kidogo ya kijiji hicho, kati ya mashamba na miti, kinasimama kikanisa kidogo. Padre mmoja wa sehemu zile, jina lake Joseph Massie, mwenyewe mpenda baiskeli, alikiombea kikanisa hicho kiwe patakatifu pa wapanda baiskeli, naye Baba Mtakatifu Yohane XXIII akakubali mwaka 1959. Alikuwa akifuata mfano wa Ghisallo huko Italia, ambako miaka kumi kabla yake, mwaka 1949, Pio XII alimtangaza Bikira Maria kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Makanisa yote mawili yamejaa fulana za mabingwa na baiskeli zao, zilizotolewa kama watu wengine watoavyo mishumaa.

Watu hufika huko kwa njia nyingi, lakini siku hizi wengi hupenda njia ya changarawe. Wanaiacha lami kwa hiari yao. Wanapanda vilima na kushuka mabonde, wanapita katikati ya mizabibu na vijiji vyenye minara ya kale, wanatua kunywa maji kisimani, kisha wanaendelea. Hata yale mashindano makubwa ya Ufaransa, tarehe 7 Julai 2024, yalipelekwa kwenye njia nyeupe za vumbi karibu na mji wa Troyes, vipande 14 vyenye urefu wa kilometa 32 kwa jumla. Wanaume hupanda, wanawake hupanda, wazee waliostaafu hupanda. Hawabebi kitu ila mkate na koti la mvua.

Msomaji wetu wa kijijini atacheka. Mtu anaiacha lami kwa hiari? Hata hivyo tusiwadharau. Kuitazama kazi ya mikono ya Mungu polepole, kwa jasho la mwili, ni jambo jema, na pengine ni sala nusu. Sisi tumeileta habari hii kwa sababu nyingine. Tumeifikiria ile baiskeli yenyewe na yule anayekaa juu yake, na fikira zetu zikaenda Likawage.

Likawage ni kata ya wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, bara kwa bara, mbali na bahari na mbali na barabara kuu ya lami. Nayo ni nchi ya kupanda na kushuka, nchi ya miombo na mpingo, yenye udongo unaogeuka vumbi kiangazi na utelezi masika. Kama ni vijiji vya historia, wilaya hiyo haina haja ya kuionea Ufaransa wivu. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Kilwa Kivinje ndipo zilipoishia safari za misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Katika milima ya Wamatumbi, huko Nandete, ndipo vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Na huko Narungombe, Julai 1917, Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikali ambavyo kwa wenyeji havikuwa na faida hata kidogo.

Lakini anayeisoma vizuri historia ya njia zile ataona kwamba karne hata karne habari yake ni moja: mzigo juu ya kichwa cha mtu. Pembe za tembo zilishuka pwani vichwani mwa watu, na wachukuzi wengine wakauzwa pamoja nazo. Wakati wa vita vile vya 1917 majeshi ya pande zote mbili yalilishwa na wapagazi, na wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko askari walivyokufa kwa risasi. Hata yale mifupa makubwa ya wanyama wa kale yaliyochimbwa Tendaguru, katika mkoa huu huu wa Lindi, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, uzito wake zaidi ya tani 200, yalikwenda bandarini Lindi vichwani na mabegani mwa watu. Leo wageni wanayatazama Berlin na kustaajabu ukubwa wake. Sijui ni wangapi wanaoyaona mabega yaliyo chini yake.

Kwa nini watu, wala si wanyama? Kwa sababu ya mbung'o. Inzi huyo amekaa katika misitu ile tangu zamani, naye huua ng'ombe, farasi na hata punda kwa ugonjwa wake wa nagana. Kwa hiyo nchi ile haikuwa na mnyama wa kubeba, na mwanadamu akafanywa mnyama. Basi baiskeli ilipoingia vijijini, ilikuja kama punda asiyeumwa na mbung'o. Haili majani wala haiogopi giza. Ikipata pancha, kijana mwenye kiraka na pampu huitibu chini ya mwembe kwa robo saa.

Tazameni inavyofanya kazi katika bara ya Kilwa. Magunia ya ufuta, wakati wa mavuno, hufungwa kwenye keria na kusukumwa mpaka ghala la chama. Madumu ya maji, mawili kila upande. Mkaa. Mbao. Kuku wanaoning'inizwa miguu juu. Na mgonjwa. Huyu hukalishwa kwenye keria juu ya khanga iliyokunjwa, mmoja anashika usukani, mwingine anamshika mgongo asianguke, nao wanakwenda hivyo hivyo mpaka zahanati. Siku hizi pikipiki zimeenea, nasi tunazishukuru, lakini pikipiki hudai petroli na nauli, na usiku wa manane mwenye pikipiki hulala. Baiskeli imeegemezwa ukutani.

Sasa tuifungue Injili ya Mt. Luka. Kila mtoto wa katekisimu anaijua habari ya Msamaria. Mtu alikuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, njia ya mawe na makorongo, mteremko wa kama mita 1000 kwa mwendo wa siku moja. Wanyang'anyi wakampiga. Wakapita wawili wenye heshima, wasisimame. Akaja Msamaria, mtu wa dini nyingine na kabila lisilopendwa, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, akamfikisha nyumba ya wageni.

Katika mahubiri husifiwa mafuta na divai, na zile dinari mbili alizoacha kwa mwenye nyumba. Sisi leo twataka kusimama kwenye yule mnyama. Kwani kama majeruhi alipandishwa, basi mwenye mnyama alikwenda wapi? Injili haisemi, maana haikuwa na haja ya kusema. Msamaria alishuka. Alikwenda kwa miguu katika njia ile ya mawe, ameshika kamba, na aliyekaa juu alikuwa mtu asiyemjua. Huruma yake haikuwa ya moyoni tu. Ilikuwa na miguu yenye vumbi.

Haya, tuitoke njia ya Yeriko tuiendee njia ya shamba. Jioni, karibu na kijiji chochote, si Likawage peke yake, utaona jambo ambalo tumelizoea hata halituumizi macho. Baba yuko juu ya baiskeli, anapiga pedeli taratibu ili asiwaache wenzake mbali mno. Nyuma yake anakuja mama kwa miguu, mzigo wa kuni kichwani, jembe mkononi, mtoto mgongoni. Pengine ana mwingine tumboni. Keria ya baiskeli ni tupu.

Hatuwatukani akina baba. Wengi wao ni waamini wema, wanafika jumuiya, wanatoa zaka. Wakiulizwa watashangaa, kwa sababu hawakuona ubaya, nao walimwona babu akifanya vivyo hivyo kabla hata ya kuwa na baiskeli: yeye mbele na mkuki, bibi nyuma na mzigo. Siku zile palikuwa na sababu, maana simba alikuwapo, na wa mbele alikuwa wa kwanza kuliwa. Siku hizi mkuki umeachwa nyumbani ila mpango umebaki. Gurudumu liliondoa mzigo kichwani mwa mpagazi, likauacha kichwani mwa mke.

Watatujibu: baiskeli niliinunua mimi, kwa fedha za ufuta wangu. Vema. Nani aliyepalilia ufuta huo? Nani aliyeukata, akaufunga matita, akaupiga juu ya turubai asipoteze punje? Katika nyumba ya ndoa takatifu hakuna ufuta wa mmoja. Mt. Paulo, akiandikia Waefeso, alimtaka mume ampende mkewe kama aupendavyo mwili wake mwenyewe. Nasi twauliza, ni mwili gani huo ambao nusu yake imekaa kitini na nusu inatembea nyuma na mzigo wa kuni?

Watajibu tena: si desturi ya mwanamke kupanda baiskeli. Desturi ya wapi? Nenda Ifakara, katika bonde la Kilombero, ukaone akina mama wakienda sokoni, shambani na kanisani juu ya baiskeli zao, khanga zimekaa vizuri na heshima haijapungua. Kinachowazuia wengi si maadili bali ni lile chuma la mbele, ambalo mwenye khanga hawezi kulivuka kwa staha. Ziko baiskeli zilizopindwa chuma hicho chini, na baba anaweza kuipanda baiskeli ya namna hiyo bila kupatwa na ugonjwa wowote.

Kuhusu watoto tutasema machache. Shule ya sekondari mara nyingi iko mbali, na binti hutembea saa nyingi alfajiri na jioni, penye pori na penye vijana wasio na kazi. Ikiwa nyumbani kuna baiskeli moja, na kaka yake anaichukua kwenda kutazama mpira, wazazi wamekwisha kutoa hukumu kuhusu maisha ya binti yao, ingawa hawakutamka neno.

Lakini tupaswapo kuongea kwa uzito zaidi ni habari ya jirani. Usiku unabishwa mlango. Mke wa fulani ameshikwa na uchungu, zahanati iko mbali, baiskeli iliyo karibu ni yako. Wako wanaojibu kwamba tairi haina upepo, kumbe ina upepo. Wako wanaotaja bei kwanza. Wako wanaouliza kama mtu huyo ni wa kwetu. Katika wilaya ya Kilwa Wakatoliki ni wachache, majirani wengi ni Waislamu, nasi tunaishi nao vizuri, twapeana vyakula siku za sikukuu. Kwa hiyo anayebisha usiku huenda asiwe Mkristu. Bwana wetu alijua alichokifanya alipomchagua Msamaria kuwa mwalimu wetu: wale waliopita pembeni walikuwa wa dini moja na majeruhi. Anayempandisha mama yule, akashika usukani na kusukuma gizani hata asubuhi, amekwenda hija ya kweli, ajapokuwa hajafika Ghisallo wala Labastide.

Na tuwakumbuke makatekista wetu. Vigango vya bara viko mbalimbali, paroko hufika kwa nadra, na katekista mwenye baiskeli mbovu ndiye anayewaandaa wakatekumeni, anawasalia wagonjwa na kuwazika wafu. Parokia nyingi hupamba altare kabla ya kumnunulia mtu huyu tairi. Tunaona mpangilio huo ugeuzwe.

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani ya kusini, hata barabara kuu ya lami ilikatika huko Somanga, na magari yakasimama yote, ya matajiri na ya maskini. Masika huwafundisha watu wa bara jambo hilo kila mwaka bila kimbunga. Njia yao huwa tope, nao hushuka, huibeba baiskeli begani mpaka ng'ambo ya korongo, kisha hupanda tena.

Msimu wa mnada wa ufuta ukija, baba mwenye nia ya kununua baiskeli asiende dukani peke yake. Aende na mama watoto. Wachague yenye chuma kilichopinda, na keria ya chuma nene. Tena kuna jambo moja dogo ambalo mafundi wanalijua: katika nyumba nyingi kiti cha baiskeli kimewekwa kwa urefu wa baba, na nati yake imeshika kutu kiasi kwamba haifunguki, hivyo hakuna mwingine anayeweza kufikia pedeli. Nati hiyo ipakwe grisi kabla ya mvua, na spana itundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaifikia.