Mnatangaza au Tangazeni?

Kuna kitenzi cha Kigiriki ambacho tangu Aprili 2023 siwezi kukisoma bila kuiwaza Magarini. Ni katangellete. Kimo katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11, mstari wa 26, pale anapofungamanisha mambo mawili: kula mkate na kutangaza kifo cha Bwana.

Kwa umbo lake, katangellete inaweza kuwa "mnatangaza" na inaweza kuwa "tangazeni". Kigiriki hapo hakitofautishi taarifa na amri. Kiswahili hakikuachii nafasi hiyo, lazima uchague. Wafasiri wetu walichagua taarifa, na mimi naona walipatia, kwa sababu mwanzoni mwa sentensi kuna gar, yaani "kwa maana". Hilo ni neno la kueleza, si la kuamuru. Amri ilishatolewa mistari miwili juu: poieite, fanyeni.

Kwa hivyo Paulo hasemi watu wale kwanza, kisha mmoja ashike maikrofoni. Kula kwenyewe ndiko kutangaza. Na ukirudi nyuma hadi mstari wa 21 utaona alichokuwa anagombea: mezani pa Korintho, huyu amelewa na yule ana njaa. Ugomvi wote ulianza na njaa ya mtu!

Sasa twende Shakahola, msitu ulioko Magarini, bara ya Malindi. Huko ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa na dalili za njaa. Upande wa mashtaka unasema mhubiri Paul Mackenzie aliwafundisha wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, yeye anakana. Mahakama itaamua yake. Ila kanisa lake lilibeba jina la Habari Njema, na Kigiriki kina kitenzi chake pia, euangelizomai, kupeleka habari njema. Habari, kwa kawaida, huletwa kwa mtu aliye hai aisikie.

Rafiki yangu mmoja huniambia, "Wale si walikuwa watu wazima? Walichagua." Swali lake si la kipuuzi. Tunaheshimu mtu anayefunga Kwaresima, tunaheshimu anayefunga Ramadhani, na hatumuulizi ameruhusiwa na nani. Lakini funga hizo zina futari, zina Pasaka. Kuna saa ya kurudi mezani. Tena kati ya miili ile kulikuwa na watoto wengi. Mtoto wa miaka minne hachagui tafsiri. Kwake hakuna "mnatangaza" wala "tangazeni", kuna mama aliyesema leo hakuna uji.

Hapo ndipo namlaumu mtu yeyote anayehubiri, awe na kanisa la mabati au la vioo. Kugeuza taarifa kuwa amri ni kazi ya pumzi moja tu, na anayeitikia "amina" hawezi kusikia tofauti.

Machi 2024, mochari ya Malindi ilianza kukabidhi miili kwa jamaa, baada ya kulinganisha vinasaba. Wakati huo mingi bado ilikuwa haijapata jina.