Ada au Riba?



MoKash ilipoingia Uganda mwaka 2016 kupitia laini za MTN, aliyekopa shilingi 100,000 alitakiwa kurudisha 109,000 ndani ya siku 30. Hizo 9,000 hazikuitwa riba, ziliitwa ada. Kenya, M-Shwari iliyotangulia mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mwezi, nayo kwa jina hilohilo. Kenya ilipoweka kikomo cha riba za benki mwaka 2016, ikatolewa hoja kwamba mkopo huo haumo, kwa kuwa ada si riba. Neno moja likauweka mkopo mahali ambapo sheria haifiki.

Sisi Waislamu tumelipokea neno hilo kwa nafuu kubwa. Mwanafunzi asiyethubutu kuingia benki kuomba mkopo wa riba hubonyeza simu akiwa kitandani, na ukimuuliza atakwambia: "Ile ni ada ya huduma tu, kama ya kutuma pesa."

Jibu lake lina nusu ya ukweli. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilijuzisha ada ya huduma za mkopo, kwa sharti kwamba isizidi gharama halisi. Kinachozidi ni riba. Basi tupime. Kompyuta inafanya kazi gani ya ziada inapotuma laki tano badala ya elfu kumi? Ujumbe ni uleule, sekunde ni zilezile. Lakini kwa asilimia tisa, ada ya elfu kumi ni 900, na ya laki tano ni 45,000. Ada inayokua pamoja na mkopo, kisha ikatozwa tena siku 30 zikipita bila kulipwa, ni malipo ya nini kama si ya pesa na muda? Atasema mtu kwamba inafidia wasiolipa. Sawa, lakini hiyo ndiyo hesabu ya kila mkopeshaji wa riba tangu zamani.

Majalla ya Waothmani iliweka mwanzoni kabisa kanuni kwamba mikataba hutazamwa kwa makusudio na maana, si kwa matamshi. Wenzangu wa madhehebu ya Shafi watanikumbusha kwamba kanuni hiyo ina khitilafu. Ni kweli, lakini khitilafu hiyo haiigusi nyongeza iliyoshurutishwa katika mkopo, ambayo ni riba kwa madhehebu yote manne.

Linabaki lile la "masharti yapo, mteja alikubali mwenyewe". Mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono katika lundo la nafaka akakuta umajimaji. Muuzaji alisema ni mvua. Hatukusimuliwa kwamba alitamka uongo wowote, na mnunuzi yeyote angeweza kuingiza mkono wake. Hata hivyo aliyeulizwa ni muuzaji: kwa nini iliyolowa haikuwekwa juu watu waione? Kurasa za masharti zisizosomwa na mtu ndiyo chini ya lundo la leo.

Hapa ndipo kaulimbiu ya "mlaji mwenye taarifa" inaponipungukia. Kwa nafaka iliyolowa, taarifa inatosha: ukijua aibu ya bidhaa ukaridhia, biashara ni sahihi. Riba haiko hivyo. Ukishajua, ridhaa yako haiisafishi, na wewe uliyekuwa umefichwa sasa una lako la kujibu.

Na aliye na deni la karo huku mtihani ni Jumatatu? Uganda ilipitisha sheria ya kuruhusu benki za Kiislamu mwaka huohuo wa 2016, lakini sidhani kama kuna benki itakayomshughulikia mwanafunzi kwa elfu hamsini za siku kumi. Karadha ya kiasi hicho inaweza kutoka kwa wenzake watano tu wa darasani. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaona aibu zaidi kumwomba ndugu yetu kuliko kubonyeza "Nakubali".