Dhati ya Hati na Nyuso Zake

Miongoni mwa maswali ambayo wanadamu wamerithishana tangu kale, na ambayo kila kizazi huyapokea kana kwamba hapakuwa na aliyeyajibu kabla yake, limo hili: je, kitu kina hakika yake iliyo mbali na namna kinavyoonekana, au hakika hiyo ni jumla tu ya nyuso ambazo kimewahi kuwaonyesha wakitazamao? Wanafalsafa wa Uyunani walilizungumza, darsa za Basra na Baghdad zikalijadili, na Ulaya ikaliandikia vitabu. Na katika zama zetu limezuka tena mahali ambapo wengi wasingelitarajia, yaani katika kazi ya kutunga programu za kompyuta, ambako mtu hana budi kulijibu kwa namna moja au nyingine kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Tuchukue hati ya hesabu, ya zile zifunguliwazo maofisini kila asubuhi. Katika dirisha moja tarakimu zimepangwa kwenye visanduku vya jedwali. Katika dirisha la pili tarakimu hizo hizo zimekuwa chati duara. Na la tatu laonyesha ukurasa kama utakavyotoka kwenye printa. Mtunga programu mchanga, akiona madirisha matatu, hulipa kila moja nakala yake ya tarakimu, na kazi humwendea vyema mpaka siku karani anaporekebisha kiasi kimoja kwenye jedwali na chati ikabaki kushuhudia kiasi cha jana. Hapo pana ushahidi unaopingana na hapana wa kuamua, kwa kuwa kila dirisha lina haki sawa ya kudai kwamba ndilo lenye hati ya kweli.

Dawa ya maradhi haya iliandikwa mwaka 1979 na Trygve Reenskaug, Mnorwe ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshughulika miaka mingi huko Oslo na programu za kuwasaidia waunda meli, na ambaye wakati huo alikuwa mgeni katika maabara ya kampuni ya Xerox kule Palo Alto, California, ilikokuwa ikitengenezwa lugha ya Smalltalk. Kanuni yenyewe ni kwamba data za hati zikae mahali pamoja, pasipo kujua lolote juu ya madirisha, na kila dirisha liwe uso tu, usiomiliki tarakimu hata moja, ambao huirejea hati kila unapotaka kujua la kuonyesha. Data zikibadilika, hati hutoa tangazo moja kwa wote walioandikishwa katika orodha ya wategemezi wake. Haiulizi nani kasikia, wala haijui kama asikiaye atachora jedwali ama duara, na nyuso zaweza kuja na kuondoka, mmoja au mia, hati isipungukiwe wala isizidi.

Katika Smalltalk tangazo hilo huwafikia wategemezi wote, hata yule ambaye badiliko lilipitia mikononi mwake. Maktaba ya MFC, ambayo Microsoft iliitoa kwa ajili ya Windows katika miaka ya 1990 na ambayo iliigawa programu baina ya hati na mwonekano, iliruhusu jambo jingine: uso ulioleta badiliko waweza kujitaja, nao ukaachwa usiambiwe, kwa hoja kwamba mwenye kunena hana haja ya kuelezwa alilolinena. Kwa upande wa kuokoa kazi hoja hiyo ni nzuri. Kwa upande wa maarifa ina hatari, maana yawezekana hati ilipokipokea kiasi ilikipunguza desimali zake, ama ilikikataa kabisa, na mnenaji akabaki peke yake akiamini kwamba neno lake limeandikwa kama alivyolitamka.

Msomaji aliyepita katika vyuo vya pwani atakuwa amekwisha kuzikumbuka darsa za tauhidi, na zile sifa ishirini ambazo Imamu Sanusi wa Tlemcen alizipanga katika karne ya 15. Wanazuoni wa Kiashari walisema kwamba sifa za Mwenyezi Mungu si dhati yenyewe, yaani hakika yake, wala si ghairi yake. Waibadhi, waliokaa nao ujirani Zanzibar kwa vizazi vingi, walisema kwamba sifa hizo ndizo dhati, wala hazikuzidi kitu juu yake. Haijuzu kumfananisha Muumba na vilivyoumbwa, sembuse na hati ya karani, wala sikusudii hivyo. Ninachokitafuta ni nidhamu ya fikra ambayo pande zote mbili ziliishika, kwamba wingi wa sifa hauifanyi dhati kuwa nyingi. Nidhamu hiyo yatufunza pia kutenga mambo mawili yanayochanganywa kwa wepesi: sifa, iliyo ya kitu chenyewe awepo mtazamaji asiwepo, na nisba, isiyokuwapo ila baina ya kitu na mwenye kukitazama. Tarakimu ni sifa ya hati. Ukubwa wa herufi, ambao mzee mwenye macho dhaifu ameuongeza ili apate kusoma, ni nisba.

Lakini mpaka baina ya mawili haya haukuchorwa na maumbile. Galileo, katika kitabu chake Il Saggiatore cha mwaka 1623, alishika kwamba umbo na mwendo ni vya kitu chenyewe, ilhali ladha, harufu na rangi hukaa ndani ya mwenye kuhisi, hata kwamba viumbe hai wakiondolewa nazo hutoweka pamoja nao. Mtunga programu hutumia mizani hiyo hiyo bila kuitaja: lau madirisha yote yangefungwa, ni kipi ambacho kingestahili kubaki? Tarakimu zitabaki; neno lililotiwa rangi kwa kuchaguliwa, na mahali ukurasa ulipokuwa umesogezwa, vitakwenda na dirisha. Je, mwisho wa ukurasa nao? Huo hutegemea ukubwa wa karatasi na printa iliyopo, kwa hiyo ni nisba tupu. Lakini mara wakili anapoandika katika mashtaka yake kwamba sharti fulani limo katika ukurasa wa 7, nisba hiyo imekuwa sifa, kwa sababu watu wameiegemea, na kuihamisha sasa ni kuigeuza hati yenyewe. Naye mwanafalsafa Berkeley, aliyesema mwaka 1710 kwamba kuwapo kwa vitu vihisiwavyo ni kule kuhisiwa kwao, hakosi fungu lake, kwa maana hati iliyofungwa hulala diskini ikiwa ni alama ambazo, pasipo programu ya kuzifasiri, si tarakimu wala si maneno.

Hapa ndipo inapofaa kukumbuka jambo ambalo wengi waitumiao kanuni hii wamelisahau. Katika waraka wa kwanza wa Reenskaug, wa mwezi wa Mei 1979, mafungu yalikuwa manne: kitu chenyewe kilichoko duniani, kielezo chake ndani ya kompyuta, nyuso za kielezo hicho, na chombo cha kuhariri. Ulipofika Desemba mpango ulikuwa na matatu, kielezo, nyuso na kidhibiti, na kitu chenyewe kilikuwa kimeondoka katika jina. Kuondoka jinani si kuondoka duniani. Merikebu iliyoko chelezoni ni chuma. Kielezo chake ni yale tu ambayo watu wameyajua juu yake, na kwa hiyo ile hati tuliyoiita dhati, tukiitazama kutokea upande wa pili, nayo ni uso.

Tuseme daftari la ghala linasema magunia 4,000 ya karafuu, na ghalani yamo 400. Jedwali, chati na ukurasa wa kuchapwa vyote vitakubaliana pasi na hitilafu, na vyote vitakuwa vimesema uongo kwa kauli moja. Wanazuoni wa hadithi walilijua hili zamani, ndiyo sababu hadithi iliyosimuliwa na watu mia haiitwi mutawatiri, yaani iliyothibiti kwa wingi wa wapokezi, ikiwa wote hao waliipokea kutoka kwa mtu mmoja; makubaliano yao yathibitisha kwamba wamenakili sawasawa, na hayathibitishi zaidi ya hapo.

Basi kutenga data na nyuso zake hakumpi mtu hakika isiyo na pazia, na anayeitukuza hati yake kuwa ndiyo chanzo cha ukweli amelisogeza pazia hatua moja nyuma. Anachopata ni kitu cha daraja ya chini kidogo, lakini chenye manufaa makubwa: mahali pamoja ambapo kosa laweza kusahihishwa, na likishasahihishwa hapo limesahihika kote. Uso mwaminifu ni ule unaokubali kurudishwa kwenye asili yake kila inapobadilika. Na kwa kuwa hati nayo ni uso, sharti hilo hilo laipasa. Kompyuta itazihimiza nyuso ziifuate hati bila kuchoka, lakini haina tangazo la kuiambia hati kwamba ulimwengu umebadilika. Kazi hiyo ni ya mwanadamu, aende ghalani, ahesabu, na awe tayari kuandika kinyume cha alichokuwa amekiandika.