Sitara ya Nyumba na Haki ya Mwenye Kudhulumiwa

Mji wa Guangzhou si mgeni kwa watu wa Omani na mwambao. Katika karne ya 2 ya Hijria mwanachuoni wa Kiibadhi, Abu Ubaida Abdullah bin Al-Qasim, alisafiri kwa biashara hadi Uchina; na mwaka 1981 jahazi la Sohar, lililoshonwa kwa kamba huko Sur, lilitia nanga Guangzhou. Hivi leo wafanya biashara kutoka Afrika ya Mashariki huonekana mtaa wa Xiaobei, na baadhi yao huishi huko na wake na watoto wao.

Mke aliye ugenini namna hiyo, walii wake yuko Maskati au Unguja, na aghlabu kibali chake cha kuishi kimefungamana na cha mumewe. Mume akiwa humpiga, je, imempasa astahamili ili kuhifadhi siri ya nyumba, au yajuzu kwake kushitaki mbele ya mahakama ya nchi isiyo ya Kiislamu?

Wanaomtaka anyamaze hutaja sitara. Ni kweli kwamba Uislamu umehimiza kusitiri aibu ya ndugu. Lakini pigo si aibu ya mpigaji peke yake. Ni haki ya mtu mwingine iliyovunjwa, na kulificha ni kumpa mpigaji nafasi ya kupiga tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wengine hushika aya ya 34 ya Surat An-Nisaa. Hao wakumbuke kwamba wanavyuoni walioieleza waliweka mipaka: kusiwe na kuumiza, wala kuacha alama, wala kugusa uso. Mwenye kujeruhi amekwisha kuivuka. Abu Dawud amepokea kwamba Habiba binti Sahl, alipopigwa na mumewe hata akavunjwa kiungo, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) baada ya alfajiri kumshitaki. Mtume (s.a.w.) hakumrudisha kwa kuwa ametoa siri ya nyumba, alimwita mume, na jambo likaishia kwa kutengana.

Ama subira ni fadhila kubwa, ila itazamwe inatakwa kwa nani. Ndugu wanaopiga simu kumwambia binti yao avumilie, mara nyingi hawampigii mume kumwambia aache. Hapo subira imekuwa mzigo wa mmoja na ruhusa ya mwingine.

Kwa upande wa sheria, Uchina ilianza kutumia Sheria ya Kupinga Ukatili wa Nyumbani tarehe 1 Machi 2016. Mwenye kupigwa au kutishwa huweza kuomba mahakamani amri ya ulinzi, bila ada. Hakimu hutakiwa kuamua ndani ya saa 72, na katika hali ya dharura saa 24. Amri hiyo huweza kumkataza mume asimpige wala asimfuate mkewe, hata kumtoa nyumbani. Muda wake hauzidi miezi 6, nao huweza kuongezwa. Kanuni za Mahakama Kuu za mwaka 2022 hukubali picha, ujumbe wa simu na maandishi ya mume ya kuomba radhi kuwa ushahidi. Na kanuni za jimbo la Guangdong, tangu 1 Oktoba 2020, humhesabu mtoto anayeshuhudia ukatili kuwa naye ni mwenye kudhulumiwa.

Ugeni nao haukumfungia mtu mlango. Mwaka 2013, kabla ya sheria hiyo, mahakama moja ya Beijing ilimpa talaka na amri ya ulinzi ya miezi 3 Kim Lee, Mmarekani aliyeolewa na Li Yang, mwalimu mashuhuri wa Kiingereza.

Ifahamike kwamba amri ya ulinzi si talaka, wala haihukumu nikaha. Kazi yake ni kuuzuia mkono usiufikie mwili. Aya ya 35 ya sura ile ile imeagiza mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Nao wakiwa mbali, fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi hakimu wa Guangzhou huzuia dhulma kwa miezi hiyo, na jamaa wa pande mbili wapate wasaa wa kutimiza wajibu ambao hakuna mahakama iwezayo kuwatimizia: kumsadiki binti yao, na kumkabili mume.

Wallahu aalam.