Mtoto Mnene Ana Kosa Gani?

Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa miaka mingi bila kuitilia shaka, hadi usiku mmoja wa mwaka 1997, nyumbani kwa mama yangu wilayani Muleba. Nilitoka nje saa tano usiku nikaona mwanga wa koroboi jikoni. Nilipochungulia nilimkuta mpwa wangu, binti wa miaka kumi na minne, amechuchumaa kando ya mafiga, anakula mabaki ya ndizi na maharage kwa mkono huku machozi yanamtoka. Chakula cha jioni alikuwa amekula pamoja nasi, tena akashiba. Nikajiuliza: huyu ni mwenye shibe, au ni mwenye njaa?

Alikuwa mtoto wa marehemu dada yangu. Msomaji wa Kagera hahitaji maelezo marefu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walipatikana mkoani kwetu mwaka 1983, mwaka uleule aliozaliwa mtoto huyu. Kabla ya kuujua kwa jina hilo tuliuita Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka waliuita Slim, yaani mwembamba. Katika miaka hiyo wembamba ulikuwa hukumu. Mtu akipungua mashavu, watu walinong'ona. Akizidi kupungua, walikiepuka kikombe chake. Shemeji yangu alitangulia, na dada akafuata mwaka 1991. Mtoto akabaki na miaka minane na bibi yake.

Mama yangu aliapa kwamba mjukuu huyu hatakonda. Asubuhi uji, mchana ndizi, jioni ndizi tena, na msimu wa senene ukifika, sahani yake ilijazwa kwanza. "Kula mwanangu, watu wasiseme." Maneno hayo, watu wasiseme, yanarudi masikioni mwangu hadi leo. Kila sahani ilikuwa kama cheti cha daktari cha kuwaonyesha majirani. Na mtoto alipoamka usiku akimlilia mama yake, bibi aliinuka akampashia maziwa moto. Nani atamlaumu? Alikuwa amekwisha zika watoto. Maneno ya kumfariji yatima hakuwa nayo. Maziwa alikuwa nayo.

Mtoto akanenepa. Kwanza alisifiwa: amenawiri, ametunzwa. Kisha akavuka miaka kumi na miwili, na sifa zikageuka kejeli. Shuleni waliacha kumwita kwa jina alilobatizwa wakamwita Bonge. Mwalimu mmoja alimwamuru aongeze mzunguko uwanjani peke yake, wenzake wakitazama. Nami sikuwa bora. Kila tulipoketi mezani nilikuwa na utani wangu: "Na sisi utuachie." Watu walicheka, naye alicheka. Nilidhani kicheko chake ni ruhusa.

Usiku ule jikoni aliniambia maneno machache tu: "Mjomba, usimwambie Bibi. Nikila, panatulia hapa." Akaweka kiganja kifuani. Hakugusa tumbo.

Baadaye nilikuja kusoma juu ya Hilde Bruch, tabibu wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, aliyetoa kitabu mashuhuri juu ya jambo hili mwaka 1973. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Mtoto mchanga hulia kwa sababu nyingi: baridi, uchovu, upweke, njaa. Ikiwa kila kilio kinajibiwa kwa chakula, mtoto hukua bila kujifunza kutofautisha njaa na huzuni. Atakapofiwa au kutukanwa, mwili wake utamwambia neno moja tu analolijua: kula. Wataalamu wameona pia kwamba vijana wanaodhihakiwa kwa unene wao aghalabu huzidi kunenepa, kwa kuwa aibu huwapeleka kwenye kile kinachowatuliza, na hicho huwaongezea aibu.

Sisemi kwamba kila unene una kilio ndani yake. Kuna urithi wa damu, kuna kukaa bila kazi ya mwili, kuna vinywaji vyenye sukari nyingi vinavyouzwa kila kona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana wapatao milioni 160, wa miaka 5 hadi 19, walikuwa na unene wa kupindukia. Hao hawawezi wote kuwa na kisa kimoja. Lakini kisa cha mpwa wangu nakijua, na ndicho kilichonifanya nifikiri upya juu ya kosa.

Tulifundishwa dini kwamba ulafi ni mmoja wa mizizi ya dhambi. Naam, na mlafi yupo: ni yule anayejua kwamba ametosheka, akaendelea kwa sababu ya raha, wala hajali kama mwenzake atakosa. Lakini yule mtoto jikoni hakuwa na raha yoyote. Alikula kama mtu anayemeza dawa chungu. Hakuchagua kufiwa, hakuchagua kulishwa, wala hakuchagua utani wangu. Kumwita mlafi ilikuwa ni kumhukumu kwa sahani tuliyoijaza sisi.

Historia ya kwetu inanisaidia hapa. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kwa mfalme Rumanika. Aliandika kwamba wake wa jamaa ya mfalme walinenepeshwa kwa maziwa hadi kusimama kukawa taabu. Katika nyumba moja alimkuta binti wa miaka kumi na sita ananyonya chombo cha maziwa, na baba yake ameketi karibu, fimbo mkononi, kuhakikisha kwamba anaendelea. Mwili wa binti ulikuwa tangazo la heshima ya nyumba ile.

Nikimfikiria binti yule, naona kwamba fimbo haijaondoka. Imebadilisha mshikaji tu. Ya mama yangu ilikuwa "watu wasiseme". Ya mwalimu ilikuwa mzunguko wa uwanja. Yangu ilikuwa mzaha. Na leo ipo inayomchapa msichana akonde afanane na picha. Mmoja anasema nenepa, mwingine anasema kondeana, lakini kosa ni lilelile: wakubwa wanautumia mwili wa mtoto kusema maneno yao wenyewe, kisha wanamlaumu kwa maneno hayo.

Huenda msomaji akauliza: je, tumwambie mtoto kwamba hana wajibu wowote? Hasha. Huko nako ni kumdharau, kama kwamba hana nia wala nguvu. Nadhani tunachanganya vitu viwili. Lawama hutazama nyuma na kutafuta wa kubebeshwa mzigo. Wajibu hutazama mbele, na unaweza kubebwa na wengi pamoja. Mtoto anaweza kuwa hana lawama hata kidogo, na bado akawa na sehemu yake ya kazi, mradi asiachiwe peke yake uwanjani.

Usiku ule sikumwambia bibi yake. Niliketi kwenye kigoda nikamwuliza juu ya mama yake. Ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka sita hapakuwa na mtu mzima aliyethubutu kumweleza dada yangu alikufa kwa nini. Alikuwa ameokota vipande kwa wanong'onaji, na alidhani akikonda naye atakufa. Nilimweleza yote. Tulilia hadi jogoo wa kwanza. Kulipokucha tulikwenda kibanjani, kwenye kaburi lililo kati ya migomba, tukang'oa majani. Na utani wangu wa mezani niliuacha siku hiyo.

Je, alikonda? Ningependa kuandika hivyo, lakini si kweli. Safari za usiku jikoni zilipungua polepole, zikaisha. Mwili ulipungua kidogo, ukarudi, na leo ni mama mwenye umbo kubwa, mwenye kazi yake na kicheko ambacho sasa ni chake. Bibi yake alifariki mwaka 2009, na yeye ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko hadi siku ya mwisho, bila kumlazimisha hata mara moja.

Mwaka jana nilimtembelea. Binti yake mdogo alirudi kutoka shule akaenda moja kwa moja kufunua sufuria. Mama yake hakumkemea, wala hakumjazia sahani. Alimwita, akamketisha karibu naye, akamwuliza: "Una njaa, au kuna jambo?"

Mtoto alifikiri kidogo, akasema: "Njaa." Basi akapewa chakula.