Macho Hayana Pazia, Lakini Simu Je?

Ukitaja Muliro Gardens kwa Mkenya asiyewahi kufika Kakamega, huenda akacheka kabla hujamaliza. Hacheki kwa sababu ya Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki 1992 na ambaye bustani hiyo ina jina lake. Anacheka kwa sababu ya picha. Wakati mmoja picha za wapenzi waliokuwa kwenye nyasi za bustani ile zilisambaa mitandaoni, nchi nzima ikavunjika mbavu, na mji mzima ukageuzwa kichekesho.

Swali langu ni hili: mtu akifanya jambo la faragha mahali pa umma, je, amewapa wengine ruhusa ya kumwanika?

Wengi husema ndiyo. Wamejitakia, bwana! Kwani hawakuona watu wanapita? Hoja hii si ya kudharauliwa. Bustani ni ya wote, hata mama anayepita na mtoto mkononi. Mahali pa umma pana adabu yake, na anayeivunja ana makosa. Hilo nalikubali lote.

Lakini kosa la mmoja halimpi mwingine leseni ya kufanya atakalo. Wahenga walisema macho hayana pazia, yaani huwezi kulaumiwa kwa kuona kilicho mbele yako. Sawa. Ila simu si jicho. Jicho huona tu. Simu mtu huitoa mfukoni, akaielekeza, akabonyeza, kisha akatuma. Hapo kuna hatua nne, na kila moja angeweza kujizuia. Anayeona akapita, jambo limeishia pale. Anayetuma ametoa hukumu isiyo na mwisho, maana hata mwizi wa kuku hufungwa akamaliza kifungo akarudi nyumbani. Picha haimalizi kifungo.

Jambo hili si geni. Madrid, Uhispania, kuna uwanja maarufu uitwao Plaza Mayor, uliokamilika 1619, nyumba zimeuzunguka pande zote na roshani zake zinautazama. Leo watalii hukaa hapo wakinywa kahawa. Lakini tarehe 30 Juni 1680 mahakama ya kanisa iliyowasaka wazushi iliwapanga washtakiwa hapo mbele ya Mfalme Carlos II, hukumu zao zikasomwa kutwa nzima, na waliohukumiwa kifo wakapelekwa nje ya mji kuchomwa. Umati ulijaa hadi roshanini. Mchoraji Francisco Rizi aliuchora mkusanyiko ule, na picha hiyo ingalipo katika jumba la makumbusho la Prado.

Sisemi kucheka mtandaoni ni sawa na kumchoma mtu moto. La hasha. Nasema raha ya aliyekaa roshanini ni ileile: kutazama aibu ya mwingine huku umekaa pazuri, ukijiona msafi kwa kuwa si wewe uliyeko chini. Siku hizi kila mtu ana roshani yake mfukoni.

Tena tujiulize ni nani hasa hupatikana kwenye nyasi. Mwenye nyumba ana mlango. Mwenye pesa ana chumba cha hoteli. Kijana anayelala sebuleni kwa mjomba, na wadogo zake watatu, hana pazia la kufunga. Tunachoita uadilifu mara nyingi ni kuwa na kitasa tu. Hilo haliondoi kosa lake, lakini linapaswa kupunguza kicheko chetu.

Basi afanye nini anayekuta jambo kama hilo? Wazee wetu walijua. Mtu mzima akikaribia mahali anapohisi pana siri, hukohoa. Kikohozi kile husema: nimekuja, jirekebisheni. Adabu ya mahali inarudi, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Hakihitaji hata bando.