Nafaka Iliyo Chini ya Fungu



Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita penye fungu la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akamkana kila mwenye kughushi.

Huenda mtu akadhani hadithi hii ni ya wauza mtama tu. La! Siku hizi wengi wetu hununua hisa, na hisa ni nafaka iliyofunikwa: mnunuzi haioni kampuni, huziona hesabu zake tu. (Habari ya kampuni za ulevi na riba ni mlango mwingine.)

Tazameni yaliyotokea Marekani. Kampuni ya Enron, iliyofanya biashara ya gesi na umeme, ilificha madeni yake katika vikampuni ilivyoviunda yenyewe. Agosti 2000 hisa yake moja ilifika dola 90. Oktoba 2001 ikakiri hasara ya dola milioni 618 kwa miezi mitatu; Novemba ikakiri kwamba faida yake ya tangu 1997 ilizidishwa kwa kadiri ya dola milioni 586. Mwezi haukwisha ila hisa ilikuwa chini ya dola 1, na tarehe 2 Disemba kampuni ikaomba ulinzi wa sheria ya waliofilisika. Wafanyakazi walioweka akiba ya uzeeni katika hisa hizo wakabaki mikono mitupu.

Wako wasemao kwamba ni kule kukiri kulikoishusha bei. Twawajibu: ile dola 90 haikuwa bei ya kampuni, ilikuwa bei ya uwongo wake.

Mwaka 2002 Marekani ikatunga sheria iwalazimishayo wakuu wa kampuni kuzithibitisha hesabu kwa saini zao, na asainiye uwongo kwa kujua aweza kufungwa. Wenye kampuni walinung'unikia gharama, na kweli si ndogo. Lakini mnunuzi asiyeamini hesabu hutoa bei duni hata kwa kampuni njema, na hivyo mwaminifu humlipia mwongo deni lake.

Kwetu soko la hisa la Nairobi liko tangu 1954, na kampuni zake hutangaza hesabu. Wewe uliyekabidhiwa mali ya yatima, umezisoma? Au ulisikia barazani kuwa bei yapanda, ukanunua? Ukikuta madeni yaliyoelezwa kwa mafumbo, au mkaguzi aliyeondoka bila sababu kutajwa, tia mkono ndani ya fungu kabla hujatoa shilingi ya yatima.